Mtoto Aliyenyimwa Giza

Mtoto alikuwa bado mchanga. Hilo ndilo lililomtia Mashavu uchungu kila alipompokea mikononi: uchanga ule ule, utosi ule ule laini unaopumua, ngumi zile zile zilizofumbwa. Na huku baba yake mtoto, Kombo, aliyekuwa kijana wa kupiga mbinja njiani siku mtoto alipozaliwa, sasa ana mvi mpaka kwenye nyusi. Nuhaila, mama yake mtoto, alikuwa akinyonyesha tangu wakati ambao hakuna aliyeweza kuukumbuka. Alikuwa amekonda hata bangili zinampanda mpaka juu ya kiwiko, lakini maziwa hayamkauki. Mtoto ananyonya, analala, anaamka, ananyonya tena, wala haongezeki hata uzito wa punje ya mtama. Watu wa mtaa walikwisha kuzoea. Wakipita barazani huuliza, "Hajambo mchanga?" kama wanaouliza bei ya chumvi, na kuendelea na safari zao. Mashavu alitamani kuwarushia kiatu.

Mtoto hakuwa na jina, na asiye na jina hakui. Katika mji ule hilo halikuwa fumbo la kukunia kichwa. Ilikuwa desturi, na kazi ya desturi hiyo ilikuwa ya shangazi, yaani ya Mashavu, dada yake Kombo. Kitovu kikishaanguka siku ya saba, usiku unaofuata shangazi humchukua mtoto nje, mahali pasipo moto wala taa, akamlaza chali mapajani, akanyamaza na kungoja. Macho ya mtoto yatahangaika angani. Yatapita juu ya nyota hii, yatapita juu ya ile, na mwishowe yatatulia. Pale yalipotulia ndipo lilipo jina lake. Shangazi hulinong'ona kwanza sikioni mwa mtoto, kisha hulitangaza kwa waliosimama, na kuanzia hapo miaka hupata mlango wa kumwingilia yule mtoto. Hilo liliitwa kutazamishwa, na kila mtu mzima mjini alikuwa ametazamishwa. Katazo lilikuwa moja tu: jina lisitolewe chini ya taa, kwa kuwa jina lililotolewa chini ya taa ni mali ya mwenye taa.

Sasa nyota ziko wapi?

Mamlaka ya Mwangaza iliingia mjini lini, hapo ndipo kumbukumbu za watu zinapoteleza. Wapo wanaosema iliwakuta babu zao, na wapo wanaosema ilikuja juzi, na Mashavu alipojaribu kukumbuka mwenyewe aliona sura mbili kwa pamoja: yeye akiwa binti mwenye nywele za kusuka, na yeye huyu wa sasa, wote wawili wamesimama njia panda wakiangalia nguzo ya kwanza ikichimbiwa. Ilikuwa taa moja. Walisema ni ya wagonjwa, ili anayekimbizwa kwa mganga asijikwae. Nani mwenye roho angekataa taa ya wagonjwa? Watu walipiga vigelegele. Kisha ikaja taa ya kuilinda ile taa isiibiwe. Zikaja taa za maduka yaliyofungwa, za kuta zisizo na milango, za mabango yanayosifu taa, na taa kubwa kupita zote zilizoelekezwa juu, hazimmuliki mtu wala mnyama, zinamulika mawingu tu ili mawingu nayo yajue yako chini ya nani. Usiku ukaondolewa kwa tangazo. Ukaitwa Mchana wa Pili. Majogoo waliwika bila kupumzika mpaka sauti zikawakauka, na ndege waliokuwa wakisafiri kwa kufuata nyota walizunguka juu ya mji hadi wakachoka wakaanguka, na wafagiaji wa Mamlaka wakawazoa pamoja na maganda ya machungwa. Hakuna aliyeuliza. Wakulima waliokuwa wakitazama nyota za Kilimia kujua wakati wa kupanda wakawa wanapanda wakati wowote, na mbegu zikawa zinaoza wakati wowote. Na watu wakasema, ndiyo maendeleo hayo, hatuna budi.

Hatuna budi! Neno hilo Mashavu alilichukia kuliko matusi ya nguoni.

Hata vivuli vilikuwa vimeharibika. Zamani mtu alikuwa na kivuli chake kimoja, anakijua na kinamjua. Sasa Mashavu akitembea alikuwa navyo kundi zima, kila taa imemtupia chake, vingine virefu, vingine vifupi, na kimoja, aliapa, kilikuwa cha mwanamke mwingine kabisa. Alifika mahali akawa hajui afuate kipi nyumbani. Je, mtu ni yule anayeonekana tu? Na ikiwa anaonekana kutoka kila upande, saa zote, bila hata upenyo wa kujificha na nafsi yake, kinachobaki ndani yake ni nini? Utando wa buibui? Ukoko wa sufuria? Mashavu hakusoma vitabu vya hayo mambo. Alijua tu kwamba alikuwa na deni la jina la mtu kifuani, na kwamba amezuiwa kulilipa.

Alikuwa amejaribu. Alimpeleka mtoto chini ya kitanda, giza likapatikana, lakini anga haikuwapo. Alitembea naye mpaka mashambani, akakuta mashamba yamewashwa ili mahindi yasilale. Alimfunika kwa kanga mbili, na taa zikapenya maua ya kanga na kumpaka mtoto rangi nyekundu usoni. Alirudi nyumbani analia kwa hasira, na Nuhaila akampokea mtoto na kumpa titi bila kusema neno. Huko kunyamaza kwa wifi yake ndiko kulikomkera zaidi.

Ndipo ikatokea ile nyota.

Ilikuwa katikati ya Mchana wa Pili, na Mashavu alikuwa juu ya paa la sakafu anaanua nguo, mtoto amembeba kwa mbele. Anga ilikuwa na rangi yake ya siku zote, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Na palepale, juu ya wingu la mwanga wa taa, kikawaka kitone. Cheupe. Kimoja. Hakikutikisika. Mashavu alidondosha shuka. Alikaa chini hapo hapo, akamlaza mtoto mapajani, na mtoto, ambaye miaka yote macho yake yalikuwa yakielea tu mithili ya vipande vya nyanya kwenye mchuzi, akainua macho, akayapeleka kulia, akayarudisha, na yakatulia.

"Nuhaila!" Mashavu alipiga ukelele. "Kombo! Njooni! Ametulia! Mtoto ametulia!"

Wakapanda ngazi mbio. Majirani wakasikia, nao wakapanda kwenye mapaa yao. Kombo aliona kile kitone akafunika mdomo kwa viganja. Nuhaila alipiga magoti kando ya wifi yake, akashika unyayo wa mwanawe, akasema, "Haraka, wifi, mtaje, mtaje kabla hakijaondoka." Vigelegele vikaanza, vikavuka njia, vikashuka mtaa wa pili. Mashavu aliinama sikioni mwa mtoto. Jina lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alikwisha kuvuta pumzi ya kulitolea.

Nyota ikageuka nyekundu.

Kisha ikawa ya buluu, ikajigawa, ikatawanyika, vipande vikajipanga upya, na angani pakasomeka maneno makubwa: MAMLAKA INAKUJALI.

Mashavu alilimeza jina. Alihisi likishuka kooni, limemkwaruza. Alimfunika mtoto macho kwa kiganja, na mtoto akalia kile kilio chake cha siku saba, kisichobadilika. Vigelegele vilikatika kimoja baada ya kingine, ila bibi mmoja wa mbali, asiyejua kusoma, aliendelea peke yake mpaka mtu akamgusa bega.

Hatua zilisikika kwenye ngazi, na makofi. Alikuwa Bwana Sudi, msimamizi wa mtaa kwa niaba ya Mamlaka, mtu mwenye uso laini na kanzu inayong'aa kwa nyuzi zilizotiwa dawa ya kung'aa, hata akisimama gizani, kama giza lingekuwapo, angeonekana.

"Hongera, Bi Mashavu! Hongereni sana!" alisema huku akihema. "Mtoto wa kwanza kutazamishwa kwa taa yetu mpya. Tumeipandisha leo hii kwa puto. Ofisini watafurahi mno."

"Hakutazamishwa," alisema Mashavu.

"Macho si yametulia? Watu wote wameona."

"Yametulia kwa sababu yamedanganywa. Mtoto wa siku saba, bwana. Mmekosa mtu mzima wa kumdanganya, mmepanda mpaka juu ya paa kumdanganya mtoto wa siku saba?"

Bwana Sudi alicheka kwa upole. Alikuwa na upole mwingi, na ndio uliokuwa ukimfanya Mashavu atake kumng'oa masharubu. "Taa ile inaitwa Ustawi," alisema. "Jina zuri la mtoto. Mtaje Ustawi, bibi, yaishe. Mama yake apumzike. Mtazame alivyo."

Kila mtu alimtazama Nuhaila, na Nuhaila akajifunika mtandio kifuani.

"Jina la chini ya taa ni mali ya mwenye taa," alisema Mashavu. "Mnataka mtoto wetu akue awe wenu."

"Hizo ni itikadi za kale," alisema Bwana Sudi. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, kama mtu anayetoa kitu mfukoni ambacho hataki wengine wakione. "Lakini sikilizeni. Mimi si mtu mbaya. Kama nyinyi mmeshikilia nyota, nyota zipo. Kule Kilimani kwa wakubwa kuna bustani. Ina kuta ndefu, taa haziruhusiwi kuingia. Ukikaa ndani unaziona zote, mpaka zile ndogo ndogo zinazofanana na unga uliomwagika. Wakubwa nao wanahitaji kupumzisha macho, si unajua? Naweza kuwaombea nafasi. Sharti ni kwamba jina atalichagua mwenye bustani."

Mashavu alimkumbatia mtoto kwa nguvu. Kumbe lipo! Kumbe giza halikuisha, halikupotea, halikuliwa na maendeleo. Limechukuliwa. Limezungushiwa ukuta. Walichukua usiku wa mji mzima, wa wagonjwa na wazima, wa bundi na popo na wapenzi na watoto, wakaukusanya, wakaupeleka Kilimani, na sasa wanalala ndani yake usingizi mnono huku sisi tunafunga macho kwa matambara. Na wanatuambia kwamba sisi ndio tuliokuwa tunaogopa giza.

"Kubali, dada," alisema Kombo.

Mashavu aligeuka akamtazama mdogo wake. Kombo hakuweza kumtazama.

"Kubali tu," alirudia. "Mimi nimezeeka, dada. Nataka nimsikie mwanangu akiniita baba hata mara moja. Aitwe wapendavyo. Jina ni jina."

"Jina ni jina? Wewe mwenyewe ulitazamishwa na nani, Kombo?"

"Na shangazi."

"Ulitazamishwa kwa puto?"

"Dada, nimechoka."

"Na mimi nimechoka! Nani hapa hajachoka? Kuchoka ndiko wanakotutakia." Alimgeukia Nuhaila. "Na wewe, wifi? Ni maziwa yako. Ukisema twende Kilimani, tutakwenda, nami sitakulaumu."

Nuhaila alikuwa amezoea kunyamaza, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kukwama kwama. "Wifi," alisema, "maziwa haya nimeyatoa kwa kitu kisichokua. Nimevumilia. Lakini nikija kuambiwa kwamba nilikuwa namnyonyeshea mtu wa Kilimani, nitajitia kisu mwenyewe. Mpeleke popote ila huko."

Mashavu hakungoja zaidi. Alimfunga mtoto kifuani kwa shuka lililokuwa limedondoka, akampita Bwana Sudi kwenye ngazi bila hata kumwomba njia, akashuka barabarani. Vivuli vyake vyote vilishuka naye, vinasukumana.

Aliutembea mtaa kutoka mwanzo hadi mwisho, au labda kutoka mwisho hadi mwanzo, kwa kuwa katika mwanga ule pande zote zilifanana. Alipita mbele ya nyumba yake mara nyingine akajiona dirishani, binti mwenye nywele za kusuka, anamwangalia yeye akipita. Hakusimama kumsalimu. Alikuwa anafuata waya. Hakuwahi kuufuata katika maisha yake, wala hakujua mtu aliyewahi. Waya ulitoka nguzo hii ukaenda nguzo ile, ukazunguka duka la kinyozi, ukashuka ukutani, ukaingia kwenye sanduku la chuma lililopakwa rangi ya kijani, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Ubavuni mwake mtu alikuwa ameegemeza baiskeli. Mashavu aliisogeza baiskeli. Alikuwa amejitayarisha kwa kufuli, alikuwa na jiwe mkononi.

Hapakuwa na kufuli.

Kifuniko kilifunguka kwa kidole. Ndani mlikuwa na mkono mmoja wa swichi, mwekundu, umeelekezwa juu, na buibui aliyetengeneza nyumba yake hapo kwa amani. Mashavu aliishusha mikono. Jiwe likamponyoka.

Bila kufuli. Miaka yote hiyo. Bila hata askari, bila hata mbwa. Walijua. Walijua hatutakuja. Kwa nini wafunge? Nani atakuja kulitaka giza? Walituwekea swichi nyuma ya kinyozi, wanaume wanakuja kunyolewa hapa kila wiki, watoto wanacheza kibe, wanajificha nyuma ya sanduku hili, na hakuna. Hakuna hata mmoja. Na mimi pia. Nilimbeba mtoto mpaka mashambani. Nilimweka chini ya kitanda, mjinga mimi, chini ya kitanda! Nilimfunika kanga. Nililia. Nilinung'unika barazani kwa kila apitaye. Kila kitu nilifanya isipokuwa hiki. Hasira yangu ilikwenda kila mahali ila kwenye ukuta wa kinyozi.

"Bi Mashavu!" Bwana Sudi alikuwa anakuja mbio, na nyuma yake nusu ya mtaa. Upole ulikuwa umemtoka. "Usiguse hapo! Watu wataumia! Watu watajikwaa!"

"Wajikwae," alisema Mashavu, akaivuta swichi chini.

Giza halikushuka polepole. Lilianguka lote kwa mkupuo, hata maneno ya puto yakazimika, na mtaa ukapiga kelele. Watu walishikana, wengine wakakaa chini, mwanamume mmoja akaita mama yake aliyekwisha kufa. Mitaa mingine ilikuwa bado inawaka pande zote, ila juu ya mtaa ule pakawa na shimo, na kwenye shimo lile hawakuona kitu, maana macho yao yalikuwa yamesahau. Walisimama ndani ya weusi wakihema. Bwana Sudi alikuwa anapapasa ukuta kutafuta sanduku, kanzu yake inang'aa, na kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeonekana, Kombo alijua pa kumshika. Alimkumbatia kwa nyuma kwa mikono yake ya kizee, akamng'ang'ania, hakumwachia.

"Dada," alisema Kombo katika giza, "fanya haraka."

"Hapafanywi haraka hapa," alijibu Mashavu. Alikuwa ameshaketi chini, mtoto mapajani. "Nyamazeni wote."

Wakanyamaza. Kwanza ikaja moja, kwa woga, juu ya paa la kinyozi. Zikaja nyingine mbili. Halafu macho ya watu yakafunguka kutoka ndani, na anga yote ikawa hapo, kwa wingi ule ambao hawakuwa wameambiwa, imejaa pomoni, na Kilimia imejikusanya mahali pake palepale kana kwamba haikuwa imesubiri mtu. Mtu alianza kulia. Mwingine alisema kwa sauti ndogo, ya mtu aliyetukanwa, "Walitufichia hizi?" Vivuli vyote vya Mashavu vilikuwa vimekwisha, alikuwa amebaki yeye, na aliona ni wepesi mkubwa.

Hakutazama juu. Shangazi hatazami juu, hutazama macho ya mtoto. Na macho ya mtoto yalihangaika, yakapita juu ya Kilimia, yakapita juu ya nyota kubwa nyekundu ya kusini, yakapita juu ya zile ndogo zilizomwagika. Yakaenda mahali palipokuwa peusi kabisa, katikati ya nyota na nyota, pasipo na kitu. Yakatulia hapo. Mashavu alingoja yaendelee. Hayakuendelea. Basi aliinama, akamnong'oneza, kisha akainua uso na kuwatangazia.

"Mausiku," alisema. "Anaitwa Mausiku."

Uzito ulianza hapo hapo. Mapaja ya Mashavu yaliuhisi kabla mikono haijauhisi. Utosi ulifunga, meno yakatoka na kung'oka na kutoka tena, miguu ikajinyoosha ikavuka magoti yake, ikafika chini. Nywele zilimjaa viganjani. Miaka iliyokuwa imerundikana nje ya mlango ilikuwa inaingia kwa kusukumana, na mtoto alikuwa anahema kama anayepanda mlima. Nuhaila alijishika kifua kwa mikono miwili. Kilikuwa kimekauka. Aliketi vumbini akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, na majirani waliokuwa wakimwuliza hali ya mchanga miaka nenda miaka rudi wakaona aibu wakamshika mabega.

Kombo aliishiwa nguvu. Bwana Sudi alijichomoa, akalifikia sanduku, akaipandisha swichi. Taa ziliwaka zote. Watu walijikinga nyuso kwa mikono, wakatukana, na si wachache waliomtukana yeye kwa jina. Puto la Mamlaka likawaka tena huko juu, linajali.

Katikati ya duara alikuwa amesimama msichana mwembamba, shuka limemkaa begani, amekunja uso kwa ule mwanga. Alimtazama mama yake. Alimtazama Kombo, akamwita, "Baba," na Kombo akashindwa kuitika kwa machozi. Alimtazama Bwana Sudi aliyekuwa ameziba sanduku kwa mgongo wake, amenyoosha mikono, jasho linamtoka. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamshika Mashavu mkono.

"Shangazi," alisema, "mtaa wa pili swichi yao iko wapi?"